"Si" yetu yakataa, "sì" yao yakubali: mtoto wa nyumba moja atashika ipi?

#1 Bint_Barani
Salaam wadau. Nipo Malindi, na nina jambo limetugawa nyumbani. Naomba wenye ujuzi wa lugha wanisaidie.

Dada yangu ameolewa na Mwitaliano. Wana mtoto wa kiume, miaka miwili na nusu. Mamake humsemesha Kiswahili, babake Kiitaliano, na sisi wengine twamwagia Kiswahili chetu kutwa kucha. Juma lililopita niliachiwa mimi. Asubuhi nikamuuliza, "Wataka uji?" Akajibu, "Si!" Nikauondoa uji. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilipomrudishia alikunywa wote, akalamba na kijiko. Jioni mamangu akamwona na kisu cha kumenyea maembe, akamwambia, "Hicho si chako!" Mtoto akakikumbatia kisu akicheka. Kwake yeye bibi amesema: hicho, ndiyo, chako.

Sasa mama ataka Kiitaliano kisimame mpaka mtoto ashike Kiswahili. Shemeji hajasema neno, lakini uso wake waonyesha limemuuma.

Imekuwaje neno hilihili, fupi hivi, kwetu likatae na kwao likubali? Mimi naamini zamani lilikuwa neno moja likagawanyika. Maana hata sisi twasema "Si nilikwambia!" na maana yake ni kwamba nilikwambia kweli. Na je, katika lugha nyingine mnazozijua "si" ni nini?

#2 NahodhaWatamu
Dada, neno hilo liliwahi kunitoa jasho. Mimi natembeza wageni kwa boti ya kioo. Kuna Mwitaliano mmoja, mtu mzima, alikuwa amejifunza maneno kama ishirini ya Kiswahili, "salama" likiwemo. Tukafika penye mwamba, maji yanatoka kwa kasi, akasimama ukingoni ataka kuruka. Nikapiga kelele, "Hapo si salama!" Akaniinulia kidole gumba, akaruka. Mwamba ukamchana paja. Tulipokuwa tukimfunga kitambaa akaniambia, wewe mwenyewe umesema sì, salama.

Tangu siku hiyo nikiwa na Waitaliano nasema "hatari" na mkono juu. "Si" naiacha nchi kavu.

#3 Mwl_Kilifi
Pole kwa kilio cha uji, dada. Nijibu swali la asili kwanza.

"Si" yetu ni ya Kibantu kabisa. Ni mwenzake "ni": huyu ni mwalimu, huyu si mwalimu. Na ndiyo hiyo imo katika sijui, sikuja, sitaki. Jirani zetu Wagiriama husema "simanya", yaani sijui. Waganda husema "simanyi". Wachewa wa Malawi nao wakikanusha hutumia "si". Hawa wote hawakukutana na Mwitaliano ili wajifunze kukanusha.

"Sì" ya Waitaliano ina njia yake. Kilatini cha kale hakikuwa na neno moja la kukubali kama ndiyo yetu. Mtu akiulizwa "umekula?" alirudia kitenzi, "nimekula", au alisema "sic", yaani hivyo. Ile "sic" ikapoteza k yake ya mwisho, ikabaki sì. Kwa hiyo ukirudi nyuma maneno haya hayasogeleani, yanaachana, kwa sababu la kwao lilikuwa na mkia wa k ambao letu halikuwa nao.

Kuhusu "Si nilikwambia!", hilo ni swali lililofupishwa: je, si kweli kwamba nilikwambia? Ukanushi umo palepale.

#4 WaMpeketoni
Mwalimu ameacha jirani mmoja. Kwetu nyumbani tunasema Kikuyu, na jozi ya ni/si kwetu ni "nĩ" na "ti". "Ti ũguo" ni "si hivyo". Nimezaliwa hukuhuku Lamu kaunti, nimekua nikisema ti nyumbani na si shuleni, na sikumbuki hata siku moja nilichanganyikiwa. Lakini nakubali yangu yote mawili yanakataa. Ya huyu mtoto ni ngumu zaidi.

#5 Amu_Mkomani
Bint Barani, mwanangu, salama. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, umri umekwenda. Mwalimu kanena kweli kuhusu asili, lakini sikubali kwamba "si" ni neno la kukataa tu.

Tazama salamu zetu. Hujambo? Sijambo. Hali yako? Si haba. Hapo "si" haikukataa kheri, imekataa shari, na aliyeisikia hufurahi. Mgeni akikuuliza neno gani kwenu huleta habari njema mlangoni asubuhi, jibu la kweli ni "si".

Kisha sikiliza hili. "Si uye" na "usiye". Nyinyi husema "si uje" na "usije". La kwanza namwita mtu kwa mapenzi, njoo basi, wangoja nini? La pili namzuia. Vipande ni vilevile, "si" imehama tu mahali pake, na wito umekuwa marufuku. Kwa hivyo mimi nasema maana haimo ndani ya neno. Imo katika mahali neno lilipokaa na mlio wa anayenena. Wazee wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Milango ya Amu huwashughulisha wageni kwa nakshi, wakapiga picha wakaenda zao, na nyumba hawakuiona. Na neno ni hivyohivyo, sauti yake ni mlango.

#6 Mdigo_wa_Tanga
Mzee wa #5 umenikosha na "si uye / usiye". Nimekaa nalo tangu alasiri.

Ila mwalimu, naomba unisaidie na Wakenya wenzako. Kila uzi humu nasoma "mimi sio mlevi", "hii sio haki". Kwetu Tanga mtoto akisema hivyo anarudishwa. Ni "mimi SI mlevi". Sio ni ya wale wanaotajwa: hao sio niliowaita.

#7 Mwl_Kilifi
Kisarufi uko sawa, Mdigo. "Si" inatosha peke yake. "Sio" na "siyo" zimebeba kirejeshi, ni jamaa za ndio na ndiyo. Lakini usiwasingizie Wakenya peke yao, hata redio za Dar nasikiliza.

#8 Mdigo_wa_Tanga
Redio za Dar si Tanga.

#9 MuhamiajiMilano
Habari za jioni. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, niko Milano mwaka wa kumi na moja. Alichosema mwalimu #3 ni sahihi na nataka kukiongezea nyama, kwa sababu ni kitu kilichonigusa nilipokisoma huku.

Mwanzoni mwa karne ya 14 mshairi Dante Alighieri aliandika kuhusu lugha za watu wa pande hizi, akazigawa kwa neno lao la kukubali. Wa Italia ni watu wa "sì". Wa kusini mwa Ufaransa ni watu wa "oc". Wa kaskazini mwa Ufaransa ni watu wa "oïl", ambayo ndiyo "oui" ya leo. Na lile jimbo la Languedoc jina lake ni hilohilo, lugha ya oc. Hebu fikirini watu kuitwa kwa neno lao la ndiyo! Sisi tungeitwa watu wa ndiyo, Wasomali watu wa haa.

Sasa tazameni asili zake. Sì ni "sic", hivyo. Oc ni "hoc" ya Kilatini, hili. Na ndiyo yetu? Ni "ndi" pamoja na "yo", yaani hiyo hasa. Pembe mbili za dunia, wasiojuana, kila mmoja ametafuta neno la kukubali akaishia kunyoosha kidole: hivyo, hiyo. Kwangu hapa ndipo penye undugu wa kweli wa Kiswahili na Kiitaliano, hiyo "si" ya sauti tu haina uzito.

Halafu Bint Barani, mwambie mama yako kwamba hata Waitaliano wenyewe wana "si" mbili. Yenye alama juu, sì, ni ndiyo. Isiyo na alama ni kitu kingine: "si mangia bene" ni "watu hula vizuri" hapa, na "si lava" ni "anajiosha". Watoto wao hukua na zote mbili bila kilio. Na Wafaransa ndio wana vituko zaidi. "Si" kwao ni "kama, ikiwa", na pia ni ndiyo ya kubishia. Ukimwambia Mfaransa "Hukuja jana", naye alikuja, hajibu "oui". Anajibu "si!"

#10 Bint_Barani
Subhanallah. Shukran Muhamiaji, na mwalimu, na mzee wangu wa Amu. Nimemsomea mama #5 kwa sauti, amekuwa akirudia "imekataa shari" jikoni tangu asubuhi. Kuhusu Kiitaliano bado amekaza.

Ile ndiyo ya kubishia imenikumbusha jambo. Mimi nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa mjini. Mgeni akiuliza, "Hakuna maji ya moto leo?" nami najua hakuna, najibu, "Ndiyo." Yaani ndiyo, hakuna. Yeye anaenda bafuni na furaha yake, anarudi na taulo na hasira. Nilikaripiwa na msimamizi mara mbili kwamba nadanganya wageni. Sikudanganya mtu. Nilikubali alichosema.

#11 NahodhaWatamu
Hilo la #10 lipo kila siku! "Huna chenji?" "Ndiyo." Mgeni anabaki kanyoosha mkono.

#12 Mwl_Kilifi
Bint Barani, ulionewa, na ningekuwepo ningekutetea. Sisi hujibu kauli: umesema hakuna, nami nakubaliana nawe, ndiyo. Wao hujibu hali ya mambo: maji hayapo, basi jibu ni no, hata swali liwe limeulizwa kwa kukanusha. Njia zote mbili zina akili yake. Wajapani nao hujibu kama sisi.

#13 Fundi_Udi
Mimi si mtu wa sarufi, ni mtu wa nyuzi, napiga udi harusini. Mbona hakuna aliyetaja si ya muziki? Do re mi fa sol la SI. Ni sauti ya saba, inayokaribia nyumbani ikakuacha unangoja do. Ukiisimamia hapo msikilizaji hatulii. Ndiyo maana naona si ya muziki haikatai wala haikubali. Inangoja.

#14 MuhamiajiMilano
Fundi #13 umesema jambo zuri. Na asili yake ni tofauti na zote tulizotaja. Majina ya sauti yalitolewa kwenye wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji, kila mstari silabi yake ya kwanza, kazi ya mtawa Guido wa Arezzo katika karne ya 11. Yeye aliishia la. Si iliongezwa baadaye, na hushikwa kuwa ni herufi mbili za kwanza za "Sancte Ioannes", Yohana Mtakatifu. Kwa hiyo hapo "si" ni ufupisho wa jina la mtu!

#15 WaMpeketoni
Lakini kwaya shuleni tuliimba "ti" mwishoni, siyo si. Do re mi fa so la ti.

#16 MuhamiajiMilano
Hiyo ni ya Waingereza. Mwalimu wao mmoja wa karne ya 19, Sarah Glover, alitaka kila sauti ianze na herufi yake, na so na si zote zilikuwa na s. Akaigeuza si kuwa ti. Wamishonari wakatuletea hiyo.

#17 WaMpeketoni
Kwa hiyo Waingereza walichukua si wakaifanya ti, na Kikuyu kwenye si ya Waswahili kina ti. Nimekaa chini.

#18 Mdigo_wa_Tanga
Kaa chini lakini usijenge nyumba hapo, ndugu yangu. Ni bahati tu.

#19 PwaniKaleidon
Naona mnazunguka sana. Jibu la #1 ni Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, na Wareno walituachia meza, leso, gereza, bendera. Lugha yao na Kiitaliano ni ndugu. Sì iliingia hapo, watu wakaigeuza maana kwa kumchukia mkoloni.

#20 Mwl_Kilifi
Hapana, #19. Kwanza Wareno hukubali kwa "sim", inayotoka puani, siyo si. Pili, mtu huazima jina la kitu kigeni kilichoingia nacho: meza, leso. Gereza lenyewe ni neno lao la kanisa, igreja, limebadilika njiani. Lakini hakuna anayeazima neno la kukanusha katika kila kitenzi akiwa na lake. Je, kabla ya 1498 watu wa Malindi walikuwa hawana namna ya kusema sijui? Na Waganda waliambukizwa na nani?

#21 PwaniKaleidon
Nakubali hilo la Waganda ni zito. Ila msinichukulie Malindi yangu kirahisi, tulimpa huyo Vasco rubani, Ibn Majid mwenyewe, yule baharia bingwa wa Kiarabu, akampeleka hadi Hindi.

#22 Amu_Mkomani
Rubani alitoka Malindi, hilo kweli. Kuwa ni Ibn Majid, wengi wa wanahistoria hawalikubali tena, na wako wanaosema alikuwa Mgujarati. Tusimtwishe bwana mkubwa yule mzigo ambao huenda haukuwa wake.

#23 Ngomeni_Pwani
Na mtu akitaka kujua kwa nini Malindi imejaa "sì" wala "sim" haisikiki, asirudi 1498. Arudi miaka ya 1960. Hapa kwetu Ngomeni Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini la kurushia satelaiti, chini ya Profesa Luigi Broglio. Mwaka 1967 ikaruka satelaiti ya kwanza kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Neno la Kiswahili likaenda angani. Mafundi walikuja na familia, wakapenda, marafiki wakafuata, hoteli zikafuata. Marehemu babangu alibeba maboksi pale, na "sì sì" ndilo neno la kwanza la Kizungu alilotufundisha.

#24 NahodhaWatamu
Kumbe! Mimi nilidhani walianza na hoteli. Shukran Ngomeni.

#25 BahariaMstaafu
Wanangu, nimefanya kazi melini miaka ishirini na mbili, na nataka mjue si peke yake haina makosa. Meli moja nahodha alikuwa Mgiriki, fundi wa injini Mbulgaria. Mgiriki akikubali husema neno linalosikika "ne". Mbulgaria akikataa husema "ne". Nchi zao zimepakana! Juu ya hayo Mbulgaria akikubali hutikisa kichwa kushoto na kulia, kama sisi tunavyokataa. Siku za kwanza nilikuwa nasimama kati yao kwenye ngazi sijui nifunge valvu au nifungue. Baadaye tukatia mizigo Korea, na Mkorea naye akikubali ni "ne".

Wale wawili walifanya kazi pamoja na meli haikuzama. Walizoea nani anasema. Bint Barani, mjukuu wenu naye atazoea nani anasema.

#26 Duka_Mokowe
Naongeza ya Wachina. Wakati wa ujenzi wa bandari ya Lamu nilikuwa na vyumba vya kukodisha huku Mokowe. Mhandisi mmoja nikampa chumba namba 4, akakataa katakata, akachukua kibovu zaidi. Mwenzake akanifafanulia: nne kwao ni "si", na kufa ni "si". Hivyo si ni kifo. Nikaondoa namba mlangoni nikaandika 3B.

#27 MuhamiajiMilano
Kuweka sawa kidogo #26: Kichina kina toni. Nne ni sauti inayoshuka, kufa ni inayozama kisha kupanda. Kwa sikio lao hayo si neno moja, ni mawili yanayofanana kiasi cha kutia hofu. Na ile "i" haisikiki kama i yetu, ni karibu na mvumo wa nyuki. Hariri pia ni si, kwa toni nyingine. Tunaona "si" moja kwa sababu imeandikwa kwa herufi za Kizungu.

#28 KiungaMpakani
Kisomali: "si" ni namna, jinsi. Kutoka hapo wapata "sidee", vipi. "Sidee tahay?" ni hali gani. Kwa hiyo kwa Msomali si wala haikatai wala haikubali, inauliza namna.

Na bibi yangu aliyesomea Kifarsi kidogo kwa babake alikuwa akitutajia hadithi ya ndege thelathini waliosafiri kumtafuta mfalme wao, Simurgh. Walipofika wakagundua ni wao wenyewe, kwa sababu kwa Kifarsi "si" ni thelathini na "murgh" ni ndege. Shairi la karne ya 12 hilo. Hadithi nzima imesimama juu ya neno moja kusikika kwa namna mbili.

#29 Fundi_Udi
#28, hadithi hiyo imenitoa machozi. Asante.

#30 Mdigo_wa_Tanga
Basi na mimi nijaribu kumaliza ubishi. Kiswahili kina irabu 5. Konsonanti, hata ukihesabu sh, ch, ng' na nyingine zote, hazifiki 30. Silabi fupi za mtindo wa "si" haziwezi kufika 150. Duniani lugha ni kama 7,000. Kila lugha yataka maneno yake mafupi kwa kazi za kila dakika: ndiyo, hapana, mimi, na, ikiwa. Lazima yatagongana, kama watu wote wa Malindi wakilazimishwa kuvaa kanzu za rangi tatu. Hakuna siri.

#31 Mwl_Kilifi
Naunga mkono.

#32 Amu_Mkomani
Hesabu ni nzuri, lakini haijanitosheleza. Ikiwa ni kugongana tu, mbona "ma" na "mama" katika lugha nyingi mno humwendea mzazi? Hiyo bahati mbona haikutawanyika?

#33 Mdigo_wa_Tanga
Mama ni kwa sababu ya midomo ya mtoto mchanga, mzee wangu. Ndiyo sauti nyepesi kwake, na aliye karibu naye hujiona anaitwa. Si haiko hivyo.

#34 VisiwaniMajunga
Samahani kwa kuchelewa, intaneti ya huku ni ya kuvizia. Niko Bukini, yaani Madagaska, na nawaletea ya kuwavuruga. Huku "tsy", yatamkwa karibu na tsi, ni ukanushi. "Tsy haiko", sijui. Lakini "sy", yatamkwa si, ni "na" ya kuunganisha: mimi sy wewe. Na lugha hii si ya Kibantu, ni jamaa ya zile za Indonesia, ambako "si" huwekwa mbele ya jina la mtu: si Ali, kama kusema "yule Ali wetu". Mwalimu, utasema nini? Waswahili na Wabukini wameuziana na kuoana kwa karne nyingi. Hiyo tsy ni bahati au ni yetu?

#35 Mwl_Kilifi
VisiwaniMajunga, hapo sitasema haraka. Maneno ya Kibantu yako mengi katika Kimalagasi, hilo la hakika, "omby" ni ng'ombe. Lakini nilimwambia #19 kwamba ukanushi hauazimwi kirahisi, na siwezi kuugeuza mzani kwa sababu safari hii jibu lanifurahisha.

#36 PwaniKaleidon
Nimeisoma #35 mara tatu kwa furaha.

#37 Amu_Mkomani
Mimi nasema ndoa hufanya yasiyofanywa na biashara. Mama mtu wa Pate, baba Mbukini, mtoto atakataa uji kwa lugha ya nani? Ya aliyempikia. Hapo hata ukanushi huhama. Kwa hivyo, Bint Barani, tazama vizuri kilichomo nyumbani kwenu, huenda wajibu swali kubwa kuliko sisi.

#38 JirihaniDurban
Mimi wa Lamu naishi Durban. Kizulu: "si" mwanzoni mwa kitenzi ni sisi. "Siyabonga" ni twashukuru. Nilipofika nilisikia "siya..." kila mahali nikadhani watu wote wanakataa kila kitu. Kwetu si ni mimi nikikataa peke yangu, kwao ni sisi sote tukifanya.

#39 WaMpeketoni
"Kwetu ni mimi nikikataa, kwao ni sisi tukifanya." Hiyo nimeiandika kwenye daftari.

#40 Bint_Barani
Wadau nimerudi baada ya siku tisa. Nilikuwa namchunguza mtoto kama alivyoniagiza mzee #37, na baharia #25.

Nimeona hivi. Kwa babake husema "sì" fupi, kali, kichwa kinashuka. Kwa bibi yake, tangu juzi, anasema "dio". Hakuna aliyemfundisha kuchagua. Mimi ndiye hajajua aniweke wapi, kwa sababu nami huropoka Kiitaliano cha hotelini. Nilipomuuliza "Wataka uji?" alinitazama kwanza mdomo, kisha akasema "si dio". Nikampa uji. Akanywa.

Kisu bado ni tatizo. Mama sasa hasemi "si chako", anasema "cha bibi hicho", na mtoto anakirudisha. Kusimamisha Kiitaliano hajalitaja tena, ila hajasema ameliacha. Shemeji naye kajifunza "si haba", anaisema kila anaposalimiwa, na Waitaliano wenzake wanamuuliza haba ni nini ambayo ndiyo.

#41 Amu_Mkomani
Maashallah. "Si dio" ni Kiswahili kamili, wallahi. Si ndiyo?

#42 Bint_Barani
Ila jana kumezuka jingine. Tumempeleka ufuoni boti zinaposhusha samaki. Mvuvi akapaza sauti, "Papa! Papa!" Mtoto akaachia mkono wangu akakimbia kumtafuta babake katikati ya watu. Alipoonyeshwa yule samaki chini, na meno yale, alinigandama shingoni mpaka nyumbani.

#43 MuhamiajiMilano
Maskini. Mwambieni baba ni "papà", mkazo uwe mwisho. Mkazo ukiwa mwanzo, kwao ni yule wa Vatikani.

#44 NahodhaWatamu
Na kwetu mkazo mwanzo ni mwenye meno. Bint Barani, huyo papa alikuwa mbichi au ng'onda? Wauza kwa kiasi gani huko siku hizi?